Kijiji kisichotajwa jina

Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliwatangazia waandishi wa habari hapa mjini kwetu Lubumbashi, wakati huo ukiitwa Élisabethville, kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kizuizini wakauawa na wanakijiji. Kijiji gani? Jina lake alikataa kulitaja.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka watu Shilatembo, mahali walipouawa kweli, kwenye njia ya Likasi, kilomita zipatazo 50 kutoka Lubumbashi. Wenzangu wengine wa kazi hii wanaona safari hizi ni udadisi mtupu, watu kwenda kupiga picha penye damu. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayekuja kuuliza "ni hapa hapa?" anauliza swali lile lile ambalo Munongo alikataa kulijibu.

Waliofanya jambo la aibu kisiasa huficha mahali kabla ya kuficha kitu kingine. Hati unaweza kuichoma, shahidi unaweza kumtisha au kumnunua, lakini barabara kutoka uwanja wa ndege wa Luano haihami. Ndege ya DC-4 ilitua Luano tarehe 17 Januari 1961, yapata saa kumi na moja jioni. Wafungwa walikuwa wamepigwa njia nzima tangu Moanda, pwani ya Kongo, walikopandishwa ndege hiyo. Wakapelekwa nyumba ya Brouwez, si mbali na uwanja, wakapigwa tena. Mawaziri wa Katanga walifika hapo kuwaona. Kabla ya saa nne usiku wote watatu walikuwa wamekufa, wamepigwa risasi mmoja baada ya mwingine mbele ya mti, kwenye mwanga wa taa za magari, mbele ya Tshombe, rais wa Katanga hiyo, na baadhi ya mawaziri wake, polisi na maofisa wa Kibelgiji wakiwapo.

Hayo yote yamo vitabuni. Ila kitabu hakikufanyi ukae ndani ya gari muda wote ule. Ukisafiri njia hiyo unaelewa kwa mwili wako kwamba hapakuwa na hasira ya ghafla. Kulikuwa na mtu wa kuyapanga magari, na wa kuchagua mahali pa mbali. Kulikuwa na muda mrefu ambamo yeyote kati yao angeweza kusema basi, turudi.

Wamarekani, kwao jambo lilikwenda kinyume: jina la mahali ndilo lililobaki. Watergate, jina la kashfa iliyomwangusha Rais Nixon, ni majengo tu, kando ya mto Potomac pale Washington. Usiku wa tarehe 17 Juni 1972 mlinzi Frank Wills alikuta kitasa cha mlango kimebandikwa utepe usijifunge. Akaubandua. Aliporudi akakuta umebandikwa tena, akaita polisi, na watu watano wakakamatwa katika ofisi za chama cha Democratic, ghorofa ya sita. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na moteli ambamo mwenzao alikaa dirishani akilinda. Ukisimama kati ya majengo hayo mawili unaona jinsi wizi huo ulivyohitaji mtu wa kutazama. Hata gereji ya Rosslyn, ng'ambo ya mto, ambako Mark Felt, ofisa wa FBI aliyevujisha habari za kashfa hiyo, alikuwa akikutana kwa siri na mwandishi Bob Woodward, imewekewa kibao tangu 2011. Sehemu ya kuegesha magari, na watu wanafunga safari kuiona!

Sisi tulinyimwa hata kaburi. Miili ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi na ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, pamoja na msaidizi wake. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza mauaji hayo ilitoa ripoti yake Novemba 1961 bila kuruhusiwa kuingia Kongo. Jino moja la Lumumba, ambalo Soete alikwenda nalo kwao, Ubelgiji ililirudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022, na kabla ya kuzikwa Kinshasa lilipitishwa Shilatembo. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko hotuba zote za mwezi ule: jino likaletwa mahali penyewe.

Kuna mama mmoja ambaye swali lake silisahau. Wengine walikuwa kwenye sanamu na simu zao, yeye alizunguka akiangalia porini, kisha akanijia: "Mwalimu, nyumba za jirani zilikuwa upande gani?" Alitaka kujua nani alisikia. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu walipachagua.

Tangu siku hiyo nimebadilisha saa ya safari. Kila Januari 17 tunaanzia Luano saa kumi na moja jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Tunapofika Shilatembo giza limeshaingia, na namwomba dereva asizime taa.