Semina ya tasnifu si muhtasari wa sura tano

"Mwalimu, dakika 20 hazitoshi." Kila msimu wa semina za uzamili, wanafunzi wanapowasilisha tasnifu zao mbele ya jopo, nalisikia hili. Nikiuliza hazitoshi kwa lipi, nasomewa orodha ile ile: usuli, tamko la tatizo, malengo, umuhimu wa utafiti, mapitio ya kazi tangulizi, kiunzi cha nadharia, methodolojia, matokeo, hitimisho. Yaani tasnifu nzima, sura ya kwanza hadi ya tano, bila kuruka kitu.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii. Tasnifu hupangwa hivyo kwa sababu mtahini huisoma ameketi, na akisahau ulichoahidi ukurasa wa 14 atarudi kuangalia. Anayekusikiliza hana pa kurudi. Tena piga hesabu: ukizungumza bila kukimbia, Kiswahili chetu chenye maneno marefu hakizidi sana maneno 100 kwa dakika. Dakika 20 ni maneno 2,000 hivi, kurasa chache tu za tasnifu yenye kurasa mia na kitu. Hapo hakuna kufupisha, kuna kuchagua.

Asiyechagua huishia pabaya. Dakika ya 14 bado yumo kwenye mapitio, fulani kasema hivi, fulani kasema vile. Punde mwenyekiti anaonyesha vidole vitatu, yaani zimebaki dakika tatu. Matokeo, kitu pekee ambacho hakuna aliyekuwa akikijua mle ukumbini, yanapitishwa kwa "kama mnavyoona kwenye jedwali". Hatuoni chochote, jedwali lina safu tisa na fonti ya 10.

Chukua mwanafunzi anayechunguza mpangilio wa viambishi vya unyambulishaji, vile vipande vinavyoongezwa kwenye kitenzi kuunda kitenzi kingine. Anaweza kuanzia kwa Carl Meinhof, yule mwanaisimu Mjerumani, na historia ya isimu ya Kibantu, tukasinzia. Au aweke ukutani vitenzi viwili, *piganisha* na *someshana*, anyamaze kidogo. Viambishi ni vile vile, cha kutendana na cha kutendesha, ila mpangilio umepinduka: *-an-ish-* upande mmoja, *-esh-an-* upande wa pili. Anayewapiganisha watu anawafanya wapigane. Wanaosomeshana, kila mmoja anamsomesha mwenzake. Je, maana ndiyo inayopanga viambishi, au kuna vitenzi vinavyoikaidi? Kabla dakika haijaisha hata mwalimu wa fasihi aliyekaa nyuma ameshaanza kutunga mifano yake. Sasa nadharia ije, kwa sababu data imeiita. Mapitio nayo yabaki na watu wawili watatu, wale unaobishana nao hasa.

"Si wataniuliza mbona sikueleza sampuli?" Acha waulize! Sampuli yako unaijua usingizini. Slaidi yake iweke nyuma ya ile ya mwisho, ukiulizwa uifungue. Ajabu ni kwamba watu hukesha wakiziba kila mwanya wa swali rahisi, halafu hulalamika kuwa wameulizwa magumu tu.

Semina ya pendekezo la utafiti ina mambo yake. Pale matokeo hayapo, uzito uko kwenye pengo na methodolojia. Ndiyo maana inaudhi kuona slaidi zile zile zinarudi mwaka unaofuata, "nitakusanya" imegeuzwa "nilikusanya", basi.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameshauchoka: kabla hujafungua PowerPoint, andika kwa mkono sentensi moja inayoanza na "Nimebaini kwamba". Isipokamilika, rudi kwenye data, slaidi hazitakusaidia.

Dhana nyingine potofu nizipitie haraka. "Msimamizi atanitetea." Hatakutetea, na akianza kujibu kwa niaba yako jopo litajua kazi ni ya nani. "Maswali mengi ni dalili ya kazi mbovu." Mimi huogopa kimya, kwa sababu mara nyingi maana yake hatukuelewa. "Kusema sijui ni kujimaliza." Kinachomaliza ni kuzungukazunguka. Sema "data yangu ni ya maandishi, haiwezi kuonyesha matamshi", kisha nyamaza. Huo ni mpaka wa utafiti na ni jibu halali. "Nikisoma neno kwa neno sitakosea." Utakosea vilevile, tena macho yako yakiwa kwenye karatasi hutatuona tukikunja nyuso. Soma mifano na nukuu, mengine zungumza.

Halafu kuna ile slaidi ya "Ahsanteni kwa kunisikiliza", yenye maua. Watu huamini ni adabu. Adabu ni ya mdomoni. Shukuru kwa sauti, kisha urudishe ukutani mfano au jedwali lako kuu na uliache hapo muda wote wa maswali. Anayeuliza atanyoosha kidole kwenye kitenzi anachokitilia shaka, nawe utajua mara moja anazungumzia nini.