Uhalifu wa chuki Uingereza: neno "chuki" halimo

Fungua kifungu cha 28 cha Sheria ya Uhalifu na Fujo ya 1998, inayotumika England na Wales. Ndicho kinachosema ni lini kosa huongezewa uzito kwa sababu ya rangi au dini. Neno "chuki" hulikuti. Kilichoandikwa ni uhasama, nao haukufafanuliwa. Waendesha mashtaka huuchukua kwa maana ya kila siku: nia mbaya, dharau, kinyongo, hata kutompenda tu mtu.

Dhana: lazima ithibitishwe kuwa mshtakiwa ni mbaguzi.
Ukweli: njia ni mbili, na moja inatosha. Ya kwanza, ameonyesha uhasama wa rangi au dini kwa aliyetendewa, wakati wa kosa au mara tu kabla au baada yake. Ya pili, uhasama huo ndio uliomsukuma, hata kama ni kwa sehemu tu. Njia ya kwanza haichimbi moyo wa mtu. Katika kesi ya 2002, mtu alimtukana baunsa kwa weusi wake, kwa sababu rafiki yake alizuiwa mlangoni. Alikuwa na hasira za kuzuiwa, na baunsa mwenyewe hakujali. Mahakama Kuu ilisema hayo hayamwokoi.

Hilo "mara tu" linaweza kumwokoa mshtakiwa. Mwaka 2004 hukumu moja ilifutwa kwa kuwa maneno ya kibaguzi yalitamkwa dakika 20 baada ya mali kuharibiwa, polisi walipofika. Dakika 20 si mara tu.

Dhana: "wageni" si rangi wala kabila.
Ukweli: mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ilikataa hoja hiyo. Wasichana watatu wa Kihispania walitukanwa kuwa wageni na kuambiwa warudi kwao. Kundi linaweza kutajwa hata kwa kile lisichokuwa, yaani kutokuwa Waingereza. Kukosea nako si kinga: Kalasinga akipigwa kwa kudhaniwa Mwislamu, kosa ni lilelile.

Dhana: polisi wakiandika "uhalifu wa chuki", kesi imekwisha.
Ukweli: polisi huandika kwa kufuata anavyoona aliyetendewa au mtu mwingine yeyote. Kipimo hicho kilitokana na ripoti ya 1999 kuhusu mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi London. Mahakamani kinatakiwa ushahidi, na tofauti si ndogo: shambulio la kawaida kifungo chake cha juu ni miezi 6, likithibitika kuwa na uhasama huo ni miaka 2. Kwa hiyo taarifa ya "alinitukana" haina nguvu. Andika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, saa na dakika, na nani alisikia.

Dhana: Kenya ina sheria hiyohiyo.
Ukweli: kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinaadhibu usemi wenyewe, ukikusudiwa au ukielekea kuchochea chuki ya kikabila. Si lazima mtu apigwe kwanza. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.