Mnara wa kumbukumbu ya taifa ni nini, na nani huamua jina la kuandikwa

Mnara wa kumbukumbu ya taifa ni jengo, sanamu, uwanja au hata makaburi ambayo serikali imeyatenga rasmi, ili vifo fulani vihesabiwe kuwa msiba wa nchi nzima na si wa familia za marehemu peke yao. Kaburi la kawaida lina wenyewe: ukoo ukitaka utalipalilia, usipotaka litaota majani. Mnara wa taifa mwenyewe wake ni dola, nayo imejifunga kuutunza, kuupangia siku yake na kufika hapo mbele ya watu. Makumbusho ni kitu kingine, maana huko mtu huenda kutazama na kusoma, ingawa mara nyingi hivyo viwili hujengwa kwenye kiwanja kimoja.

Umbo lake si hoja. Jiwe tupu linatosha. Hoja ni uamuzi ulio nyuma yake wa nani ahesabiwe na nani aachwe, na uamuzi huo hubadilika utawala unapobadilika.

Chukua Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, pale barabara ya Samora inapokutana na ya Azikiwe, ambayo wengi wetu tunaitumia kumwelekezea mtu njia tu. Kabla yake mji huo ulikuwa na sanamu nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao na kiongozi wa jeshi lililozima upinzani wa Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Wissmann alikuwa juu, amesimama wima. Chini ya miguu yake palikuwa na askari Mwafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, na mwaka 1927 wakazindua ya kwao. Safari hii askari Mwafrika ndiye aliye juu, peke yake, na bunduki yenye singe mbele yake.

Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Yanawataja askari, na yanawataja wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Lakini ukiinua macho mpagazi humwoni. Kwa hilo itabidi uende Nairobi, kwenye sanamu ndugu ya hiyo katika barabara ya Kenyatta, ambako amewekwa pamoja na wapiganaji. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina yao popote, na huenda idadi ikafika 350,000. Na Watanganyika waliopigana upande wa Wajerumani? Hao hawamo kabisa. Sanamu ile iliwakumbuka waliomtumikia mfalme wa Uingereza.

Baada ya uhuru taifa lilijipangia namna yake ya kukumbuka. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mishale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Viongozi wa dini huomba dua. Silaha hizo ni za babu zetu, siyo za jeshi la leo, na nadhani ni chaguo zuri: zinampa nafasi aliyekufa mwaka 1905 kwenye Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani, kando ya aliyekufa kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979 dhidi ya Uganda, ambavyo makaburi ya askari wake yapo Kaboya, wilayani Muleba.

Igoma, Mwanza, mambo ni tofauti. Hapo wamezikwa waliokufa maji MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Hawakutumwa na nchi; walikuwa abiria, wafanyabiashara, wanafunzi, watu wa ndizi. Meli ilikuwa imejaa kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Inasemwa ni zaidi ya 800. Hesabu kamili haiwezi kupatikana. Kumbukumbu ya msiba wa namna hii haina wa kumsifu, na humkabili mjenzi wake mwenyewe kwa maswali: nani aliiruhusu meli iondoke, nani alikuwa na wajibu wa kuhesabu watu? Ndiyo maana, kwa maoni yangu, serikali nyingi hujenga minara ya vita haraka na ya ajali polepole.

Kumbukumbu inayobeba uzito zaidi Tanzania, kwangu mimi, ipo Songea, mtaa wa Mahenge. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo zaidi ya watu 60, viongozi na wapiganaji wa Kingoni, wakazikwa katika shimo moja. Wajerumani waliona wananyonga waasi. Nchi huru ikapafanya mahali pa mashujaa, ikajenga Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari watu hukusanyika. Nduna (yaani kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alizikwa peke yake, na wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akaweka ua, akaonana na wajukuu wa nduna huyo, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi pia kwamba Ujerumani itasaidia kulitafuta fuvu, huku akisema wazi kuwa hawezi kuahidi litapatikana.