Protini za kubuni dhidi ya sumu ya nyoka: yanayodhaniwa na yalivyo

Januari 2025, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Susana Vázquez Torres, David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Timothy Patrick Jenkins wa Denmark na wenzao. Walibuni kwa kompyuta protini fupi zisizopatikana katika kiumbe chochote, zenye kazi moja: kunasa sumu ya nyoka wa jamii ya fira na koboko. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mtu huumwa shambani na hospitali iko mbali, habari hii inatuhusu moja kwa moja. Ndiyo maana inafaa ieleweke ilivyo.

Dhana: Sasa kuna dawa ya nyoka wote.

Hapana. Protini hizi zinalenga kundi moja la sumu, linaloitwa sumu za vidole vitatu kwa sababu ya umbo lake. Baadhi ya sumu hizo huziba vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli, yaani sehemu zinazopokea kemikali inayobeba amri ya neva. Amri ya neva haipokelewi tena, misuli ya kupumua inalegea, na mtu anakosa pumzi. Protini iliyobuniwa huwahi kuishika sumu kabla haijafika kwenye kipokezi. Kifutu je? Sumu yake huharibu nyama na damu, hasa kwa vimeng'enya vya aina nyingine kabisa. Protini iliyobuniwa dhidi ya fira haitamfaa aliyeumwa na kifutu.

Dhana: Maumbo yakioana, protini zitashikana, kama ufunguo na kufuli.

Hii imeenea mno, hata vitabuni. Inasahau maji. Kila protini mwilini imezungukwa na maji, na sehemu zenye chaji huyashikilia. Ili protini mbili zishikane, maji hayo lazima yaondoke, na hilo lina gharama ya nishati. Mbunifu anaweza kuongeza sehemu zinazokimbia maji ili mshiko uwe imara, lakini akizidisha, protini yake inanata kwa kila inachokutana nacho. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa maoni yangu: kushika kimoja na kuviacha vingine vyote. Damu ina maelfu ya protini, na kompyuta haizipimi zote.

Dhana: Kompyuta ikishatoa jibu, kazi imekwisha.

Programu ya RFdiffusion huanza na atomu zilizotawanyika ovyo, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi upatikane uti wa protini unaokaa vizuri juu ya sumu. Programu ya pili, ProteinMPNN, huchagua asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, za kuujenga uti huo. Ya tatu, AlphaFold2, hukagua kama mnyororo huo utajikunja inavyotakiwa. Baada ya hapo jeni yake hutengenezwa, bakteria huizalisha protini, na upimaji wa maabara ndio huamua. Mwaka 2011 kundi la Baker lilipima miundo zaidi ya 70 dhidi ya virusi vya mafua, na miwili tu ndiyo ilishika. Mwaka 2023, kwa RFdiffusion, karibu mmoja kati ya mitano ilifaulu. Ni hatua kubwa sana, ingawa minne bado inaanguka.

Dhana: AlphaFold ndiyo iliyobuni.

AlphaFold hukisia umbo la protini ambayo mpangilio wake wa asidi amino unajulikana. Kubuni ni safari ya kinyume. Nobeli ya Kemia ya 2024 ilitenganisha mambo haya: nusu kwa Baker, nusu kwa Demis Hassabis na John Jumper.

Dhana: Dawa inayotokana na farasi imepitwa na wakati.

Huu ndio upotoshaji wenye hatari. Panya waliopewa sumu kisha protini hizi walinusurika kwa asilimia 80 hadi 100, kutegemea kipimo na aina ya sumu. Hao ni panya. Hakuna binadamu aliyetibiwa katika utafiti huo. Kingamwili za farasi aliyedungwa sumu, ambazo ndizo dawa ya sasa, licha ya mzio unaoweza kutokea, hupambana na sumu nyingi kwa mpigo, na watafiti wenyewe wanasema zitabaki kuwa tegemeo. Aliyeumwa leo akimbizwe hospitali.

Kinachonipa matumaini ni kwamba protini hizi ni ndogo, huzalishwa na bakteria bila mnyama kudungwa sumu, na hustahimili joto kali. Zahanati isiyo na jokofu ingeweza kuzihifadhi. Kabla ya hapo zinahitajika protini kadhaa zichanganywe kwa ajili ya sumu kadhaa, kisha mchanganyiko huo ujaribiwe kwa watu.