Je, wajua kwa nini sumu ileile inaua kifaranga kwenye yai la kuku, kwenye la kware inamwacha?

Hapa Ujiji ukipita jioni nyuma ya nyumba za watu hukosi moto wa takataka, chupa, ndala zilizokatika, na wale vijana wanaochoma nyaya wapate shaba, halafu asubuhi unakuta kuku wako juu ya lilelile jivu wanachakura. Sasa lile ganda la waya lina klorini, likiungua ovyo vile linatoa sumu iitwayo dioksini, nayo haiozi kirahisi, inajibanza kwenye mafuta ya mwili, na kuku akitaga inaingia kwenye kiini cha yai. Mama mtu unamwona mzima kabisa anagombania pumba, balaa linaanzia ndani ya yai.

Ila weka dozi ileile kwenye yai la kuku na la kware uone. Kifaranga cha kuku kinavimba, maji yanajaa kuzunguka moyo, kinafia humohumo. Kware anatoka anapiga kelele zake kama kawaida!

Iko hivi: kwenye seli kuna protini inaitwa AHR, dioksini ikiingia pale inawasha jeni ambazo saa hiyo zilitakiwa zitulie. Fikiria tundu la chaji la simu. Kwa kuku dioksini inakaa sawasawa, kwa kware inacheza kama simu iliyochoka, ile mpaka uegeshe waya ndo iingize moto. Na tofauti kubwa inaletwa na asidi amino mbili tu, yaani vipande viwili vya mnyororo unaounda hiyo protini, namba 324 na 380: kuku ana isolusini na serini, kware ana valini na alanini. Bata mzinga ana isolusini kama kuku na alanini kama kware, na kweli uvumilivu wake uko katikati, hapo ndo mimi nilichoka kabisa.

Marekani mwaka 1957 kuku mamilioni walikufa wamejaa maji kifuani, kumbe mafuta kwenye chakula chao yalikuwa na hizi sumu. Kware naye dozi ikizidi anakwenda.

Juzi jirani yangu kasikia haya akasema basi anahamia kware, nyaya ataendelea kuchoma palepale uani. Nikamuuliza, na hayo mayai atakula nani?