Matusi na Kipigo Si Sehemu ya Kazi ya Muuguzi wala ya Muuza Duka

Muuguzi aliyetukanwa wodini na muuza duka aliyesukumwa na mteja mara nyingi huambiwa jambo lilelile: vumilia, ndiyo kazi yenyewe. Kauli hiyo ina madhara makubwa, kwa kuwa huihalalisha hatari inayoweza kuzuilika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupatwa na ukatili wa kimwili wakati fulani katika utumishi wao, na wengi wa wanaowatendea hivyo ni wagonjwa au ndugu waliowasindikiza.

Kwa mtaalamu wa usalama mahali pa kazi, ukatili huu hukaguliwa kama waya wa umeme uliochubuka, kwa sababu nao una chanzo, una mahali pake na una saa zake. Hospitalini huzuka mapokezi, chumba cha dharura na dirisha la dawa, hasa pale ndugu waliokaa muda mrefu bila kuambiwa lolote wanapoona mgonjwa aliyefika baada yao akiitwa kwanza, wala hawajaelezwa kwamba anayetangulizwa ni yule aliye katika hali mbaya zaidi. Mhudumu mmoja anayepita kwenye mabenchi, akaeleza foleni imefikia wapi na kwa nini imechelewa, huzuia ugomvi ambao mlinzi angeitwa kuuamua ukiwa umeshawaka. Ni rahisi kuongeza walinzi na kusahau taarifa, na hapo ndipo ninapoona tunakosea zaidi.

Dukani, wakala wa fedha anayefunga kibanda usiku peke yake hulengwa kwa sababu ya fedha, ilhali muuzaji wa duka la dawa hutukanwa anapokataa kutoa antibayotiki bila cheti cha daktari. Huyu wa pili anaumizwa kwa kutii sheria. Scotland, kwa sheria yake ya mwaka 2021 ya kuwalinda wafanyakazi wa madukani, inalihesabu kosa kuwa zito zaidi iwapo muuzaji alishambuliwa kwa kusimamia masharti ya umri, kwa mfano alipokataa kumuuzia mtoto pombe.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unatambua ukatili hata ukitokea mara moja tu, unaigusa pia safari ya kwenda na kurudi kazini, na unatambua haki ya mfanyakazi kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake.

Kila tukio, matusi yakiwemo, liandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari la matukio: saa, mahali, kilichotangulia na walioshuhudia. Aliyejeruhiwa apatiwe fomu ya PF3 kutoka polisi, ile anayokwenda nayo hospitalini kutibiwa, ingawa hali ikiwa mbaya matibabu yatangulie, na mwajiri apeleke taarifa ya jeraha hilo kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi badala ya kumwachia mfanyakazi aifuatilie mwenyewe.