DINK wa Buzuruga analipa ada ya nani?

Katika utafiti wa masoko, kazi ninayoifanya hapa Mwanza, mnunuzi hupewa jina kabla bidhaa haijapangiwa bei. Majina hayo karibu yote yametoka Marekani na Uingereza, na mengi ni herufi za mwanzo zilizopangwa zikasomeka kama neno. DINK ni wenzi wenye vipato viwili wasio na watoto, jina lililoenea Marekani katika miaka ya 1980. HENRY, lililotokea katika jarida la Fortune mwaka 2003, ni mwenye kipato kikubwa ambaye bado hajawa tajiri. SKI ni mzee anayeutumia mwenyewe urithi wa wanawe, ilhali KIPPERS ni watu wazima wasiotoka mifukoni mwa wazazi wao. Na kwa kuwa kipper ni samaki wa kukausha kwa moshi, hilo angalau tunalielewa sisi wa kando ya ziwa.

Nyuma ya utani huo kuna hoja nzito. Mwaka 1966 William Wells na George Gubar waligawa maisha ya familia katika hatua 9, kuanzia kijana asiyeoa hadi mjane aliyestaafu, wakaonyesha kwamba, kwa vitu vingi, hatua aliyofikia mtu hueleza manunuzi yake vizuri zaidi kuliko umri wake. Mwanamume wa miaka 35 anayeishi geto na mwenzake wa miaka 35 mwenye mtoto anayenyonya hawaendi dukani kufuata kitu kimoja. Hatua hizo huitwa kwa mfano wa kiota: kinajaa watoto wakiwa wadogo, kinabaki kitupu wakishaondoka.

Hoja hiyo naikubali. Ninachokikataa ni kipimo chake. Niliwahi kupewa hojaji ya kampuni iliyotaka kuuza majokofu madogo, na msaidizi wangu akamweka katika kundi la DINK muuguzi mmoja wa Buzuruga, ambaye mumewe ni mwalimu na hawajajaliwa mtoto. Niliporudi kuhakiki jioni nilikuta sufuria ya kulisha watu sita, kwa sababu ndani walikuwamo mdogo wake anayesoma kidato cha pili na wapwa watatu wa mume kutoka Sengerema, mbali na shemeji aliye bweni ambaye ada yake hutoka kwenye mshahara uleule. Hojaji ilihesabu uzazi, wakati sukari na unga hufuata chungu. Hata sensa zetu huitambua kaya kwa watu wanaoishi na kula pamoja, na ile ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini, hesabu isiyojali nani kamzaa nani.

Kiota kitupu nacho ni nadra huku. Mstaafu akishapokea kiinua mgongo, wajukuu huletwa wasome mjini, na vyumba alivyodhani atapangisha vinajaa bure.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo sijaona herufi za kulitaja, ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika, na kaya ileile ya Igombe iliyonunua mafuta ya kupikia kwa dumu hurudi kwenye mafuta ya kupima na daftari la mkopo la mwenye duka. Ukiipima mara moja tu, umepima giza au mbalamwezi, hujapima kaya.

Kwa hiyo hojaji yangu sasa huanza na maswali matatu: jana jioni walikula wangapi hapa, ni nani asiyelala hapa ambaye mnamlipia, na fedha iliingia lini mara ya mwisho. Bado yananishinda kwa mvuvi mwenye mke Igombe na mke Ukerewe, kwani anakula kwenye vyungu viwili na kila mke humhesabu kuwa wa kwake; kwa sasa namwandika mara mbili na kuweka alama pembeni.